Damu katika mwanzi mmoja wa pua: kisa cha mbuzi Kidoti

Simu ya bibi iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi, katikati ya Agosti. "Baba, yule mbuzi wa mjukuu wangu anatoka damu puani. Wahi umwone, mtoto asije akaamka akamkuta hivi." Nilipofika, mtoto alishaamka zamani. Alikuwa amekaa kwenye vumbi nyuma ya jiko, kichwa cha mbuzi kimelala mapajani pake, na kanga aliyokuwa akimfutia imeloa damu upande mzima.

Kijiji chenyewe kiko wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, nami ni bwana mifugo wa kata. Watu huniita daktari, ingawa nilichosomea ni stashahada ya mifugo. Kazi yangu kubwa ni makundi: chanjo, kuogesha, kukagua nyama. Mnyama kama Kidoti sikutani naye kila siku. Mama yake alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa, na binti huyu, wakati huo yuko darasa la pili, akamlea kwa chupa ya soda iliyovalishwa chuchu, maziwa ya ng'ombe asubuhi, mchana na jioni. Sasa binti yuko darasa la nne, na Kidoti ana meno manne ya kudumu, yaani kama miaka miwili. Hachungwi na kundi. Usiku hulala kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa jiko, na mchana hufuata kivuli cha mkwaju ambako kondoo sita wa mjomba hujibanza jua likiwa kali. Hilo la kondoo nililisikia kwa sikio moja tu nilipofika mara ya kwanza, wakati ndilo lililobeba kisa kizima.

Maana hii ilikuwa mara ya pili. Wiki tatu kabla nilipita hapo nikitoka kuchanja kuku nyumba ya jirani, bibi akanionyesha mbuzi mwenye kamasi zito anayepiga chafya. Nikampima joto, likawa la kawaida. Nikasema ni mafua ya vumbi yaliyoingiliwa na bakteria, nikamdunga OTC ya asilimia 20, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, nikapanda pikipiki nikaondoka. Dakika kumi hazikutimia. Kamasi lilipungua siku nne tano, kisha likarudi likiwa na michirizi ya damu. Nalisema wazi kwa sababu tulio wengi katika kazi hii tunafanya hivyohivyo: kamasi, sindano ya OTC, kwaheri. Sindano ile ilisafisha usaha uliokuja juu ya tatizo. Tatizo lenyewe haikuligusa.

Asubuhi ile nilivaa glavu kabla sijamgusa mnyama, na nikamwomba binti anawe mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Damu inayotoka kwenye tundu lolote la mnyama, mtu wa kwanza wa kulindwa ni aliyemshika. Nikamuuliza bibi: kuna mnyama yeyote aliyekufa ghafla hapa karibu? Kuna mbuzi au kondoo waliotupa mimba? Mvua imenyesha, mbu wamezidi?

Nilikuwa nawaza kimeta. Mnyama wa kimeta mara nyingi hukutwa amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda inachuruzika puani, mdomoni na nyuma. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, hauchunwi wala hauliwi, kwa sababu vijidudu vyake vikipata hewa hujifunika ganda gumu na kukaa ardhini miaka na miaka. Na sisi wa Dodoma hatujasahau Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007. Ilikuja baada ya mvua kubwa, kondoo na mbuzi wakatupa mimba kundi zima, vitoto vikafa ndani ya siku moja mbili, wengine wakitoka damu puani. Watu waliochinja, waliokamua na waliozalisha mifugo waliugua. Nchi nzima walifariki zaidi ya watu 100, na mkoa wetu ulikuwa kati ya iliyoumia sana.

Majibu ya bibi yalitutoa huko. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetupa mimba, na Agosti yetu ni vumbi tupu. Kidoti mwenyewe alikuwa amesimama sasa, anatafuna pumba la mtama lililomwagika mlangoni. Joto lake 39.2, mahali pake kabisa kwa mbuzi. Na damu iliyodondoka juu ya jiwe la kukalia ilikuwa imeganda kama ini. Nililigusa lile donge kwa ncha ya kijiti likasogea zima, halikuvunjika. Moyo ukatulia kidogo.

Kuganda kwa damu kulinisaidia kwenye swali jingine pia. Baada ya mavuno nyumba nyingi huku huweka sumu ya panya kwenye ghala, na sumu nyingi za aina hiyo kazi yake ni kuizuia damu isigande. Mbuzi hula kila kitu, na chambo hutiwa kwenye unga. Bibi akakiri aliweka, ila juu ya dari. Mbuzi mwenye sumu hiyo hatoki damu puani tu: utaona madoa ya damu kwenye fizi, kinyesi cheusi, na mahali ulipomdunga sindano panavimba kwa damu iliyovujia chini ya ngozi. Fizi za Kidoti zilikuwa safi, kinyesi chake punje kavu za kawaida, na pale nilipomdunga wiki tatu nyuma ngozi imelala vizuri.

Kilichobaki ni kumtuliza binti kuhusu wingi wa damu. Kwake ile kanga ilikuwa kifo. Nikamweleza kwa vikombe. Mbuzi ana damu ya kama mililita 70 kwa kila kilo ya mwili. Kidoti tulimpima kwa kumning'iniza ndani ya gunia kwenye mizani ya mjomba ya kupimia nafaka, akatoka kilo 24. Hiyo ni kama lita 1.7. Kanga ikiloa upande mmoja inaonekana balaa, lakini ukiikamua haitajaza kikombe kimoja cha chai. Nikamfunulia kope ya chini, nikamwonyesha utando wa ndani: mwekundu wa waridi. "Ukiona hapa pameanza kuwa peupe kama karatasi, hapo ndipo unakimbia kuniita hata usiku." Akafunua jicho la pili mwenyewe kuhakikisha.

Ndipo nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya wiki tatu nyuma. Nilichukua unyoya mdogo wa kuku, ule laini wa kifuani, nikaushika mbele ya mwanzi wa kulia wa pua. Unyoya ukalala na kuinuka, ukalala na kuinuka, kila pumzi. Nikauhamishia kushoto. Haukutikisika. Nikausogeza karibu zaidi, ukatetemeka kidogo tu nyuzi zake za pembeni. Damu ilikuwa ya kushoto, na hewa ya kushoto haipiti.

Unyoya ule ulisema mengi. Ugonjwa wa mapafu hutoa uchafu pande zote mbili, kwa kuwa mapafu hayachagui mwanzi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ni vivyo hivyo, tena huja na vidonda mdomoni, macho yenye tongotongo na kuhara. Upande mmoja maana yake kitu kiko puani humo humo, au kwenye uwazi wa mfupa wa paji la uso, au kwenye mzizi wa jino la juu. Nikambonyeza mashavu kufuata safu ya magego, hakushtuka. Nikanusa pumzi yake: harufu ya kamasi, ile ya uozo wa jino au mfupa haikuwepo. Nikapapasa uso pande zote mbili nikitafuta uvimbe unaosukuma mfupa nje, uko sawa. Nikawasha tochi ya simu na kuchungulia kama kuna ruba, ingawa ruba humpata mnyama anayekunywa kwenye madimbwi, na Kidoti hunywa kwenye ndoo ya nyumbani. Ndani palikuwa na ukoko wa kamasi na damu, na nyama iliyovimba, nyekundu kuliko kawaida. Kisha nikamgongagonga paji la uso kwa kifundo cha kidole, kulia halafu kushoto. Kulia sauti ilikuwa ya debe tupu. Kushoto ilikuwa butu.

Nilipokuwa nagonga, binti akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa: "Alianza kupiga chafya tulipofunga shule."

Shule hufungwa Juni. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu "siku tatu", kwa kuwa ndivyo bibi alivyoniambia mara ya kwanza, naye alikuwa mkweli: ndizo siku tatu alizoona yeye. Aliyeishi na mbuzi hakuulizwa. Nikamkalia binti chini pale pale, nikamwomba anieleze yote. Akaeleza kuliko mfugaji yeyote wa makundi niliyewahi kumhoji. Kwamba mchana wa jua kali Kidoti hukanyaga chini kwa kishindo ghafla, anarusha kichwa, kisha anakimbia na kuficha pua kwenye manyoya ya kondoo au kuisukuma kwenye vumbi. Kwamba usiku anakoroma, na zamani hakuwa anakoroma. Kwamba anajikuna pua kwa kwato za nyuma mpaka anaanguka. Halafu akanyamaza, akamtazama bibi yake.

"Sema mjukuu wangu."

"Jana jioni mjomba alimtia dawa puani."

Mjomba aliitwa, akaja. Hakuficha. Alikuwa amesaga tumbaku kwenye maji, akatonesha na mafuta ya taa kidogo, akammiminia mwanzi wa kushoto ili apige chafya atoe funza. Alipomaliza kusema hivyo nilinyamaza kidogo, kwa sababu mtu huyu alikuwa amelijua gonjwa ambalo mimi mwenye sindano sikulijua. Wachungaji wa huku wamewaona funza hao tangu zamani, wanapochinja kondoo na kupasua kichwa. Nikamwambia hivyo mbele ya wote, kwamba jicho lake lilikuwa sahihi. Ila dawa yake ndiyo iliyomtoa Kidoti damu ya kanga nzima. Nyama ya ndani ya pua tayari ilikuwa imechubuliwa kwa wiki nyingi. Mafuta ya taa yakaiunguza. Tena kuna hatari kubwa kuliko damu: kimiminika chochote unachomwaga puani kwa mbuzi kinaweza kushuka kwenye koo la hewa, na mbuzi aliyevuta mafuta ya taa mapafuni hufa taratibu kwa homa ya mapafu, dawa zikigonga mwamba. Nilimsikiliza kifua pande zote mbili, mara mbili. Kilikuwa safi. Mungu alisaidia.

Funza hao huletwa na nzi ambaye wataalamu humwita Oestrus ovis. Ni wa rangi ya kijivu, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, na akishakuwa nzi kamili hali chochote maisha yake yote, hana mdomo wa kulia. Kazi yake ni kuzaa, na hazai mayai. Huzaa funza walio hai, wadogo hata milimita mbili hawafiki, akiwatemea kwenye mianzi ya pua akiwa angani, bila kutua. Ndiyo maana mbuzi anakanyaga na kuficha pua: amemsikia. Funza hao hupanda ndani, hujishika kwa ndoano za mdomoni na vijiba vidogo vya tumboni, na hula kamasi linalotoka kwa kuwashwa kwao. Wakikua huhamia kwenye uwazi wa mfupa wa paji la uso, hukaa humo wiki kadhaa, hata miezi, mpaka wawe na urefu wa sentimita mbili na zaidi. Kisha hushuka, hupigwa chafya nje, hujizika ardhini, na baada ya wiki nne au zaidi hutoka nzi mpya. Kondoo ndiye mwenyeji wake mkuu. Mbuzi kwa kawaida hubeba wachache zaidi, lakini mbuzi anayelala mchana kwenye kivuli cha kondoo anapata sehemu yake. Na funza mmoja mkubwa aliyekwama upande mmoja anatosha kuziba pua na kuleta damu.

Bibi akauliza lililokuwa moyoni mwake: "Na mtoto, hawawezi kumwingia?" Wanaweza kumfika. Nzi huyu mara chache hukosea akamtemea mtu funza jichoni, hasa wachungaji. Mtu huhisi kama kapigwa na mchanga, kisha jicho linakuwa jekundu, linachoma, linatoa machozi. Ndani ya mtu funza hao hawakui, lakini asikae nalo nyumbani akitiwa maziwa ya mama au maji ya chumvi. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, aseme anaishi na kondoo. Binti akasema hajawahi.

Matibabu yakawa mepesi kuliko uchunguzi. Aivamektini ya asilimia 1, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa mifugo, chini ya ngozi nyuma ya bega, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa kilo 24 inatoka nusu mililita, basi. Niliuliza kwanza kama ana mimba au ananyonyesha, hana. Maziwa ya mbuzi aliyepewa dawa hii hayanywewi, na kwa nyama mtu afuate siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mjomba alikuwa na dawa nyingine nyumbani yenye klosanteli, nayo huua funza hawa kwa kondoo. Nikamwomba asikadirie kwa macho kwa mbuzi: ikizidi kipimo humpofusha mnyama moja kwa moja. Nikaongeza OTC tena, safari hii kwa sababu niliyoijua: pua ile imeungua na ina usaha.

Kuhusu damu yenyewe nilimfundisha binti. Ikianza tena, ampeleke kivulini, asimkimbize, amwekee kitambaa cha maji baridi juu ya mfupa wa pua, na aache kichwa kiinamie chini. Asikiinue juu, damu itarudi kooni na mapafuni. Asizibe mwanzi kwa pamba wala kitambaa. Mbuzi hupumua kwa pua. Upande mmoja tayari umeziba, ukigusa wa pili umemnyonga. Ukoko wa nje aulainishe kwa maji ya uvuguvugu na kufuta, bila kuingiza kidole. Nikawaonya pia kwamba siku mbili tatu za mwanzo chafya zitazidi, funza wakifa na kuachia, na matone ya damu yanaweza kuonekana. Nisingewaambia hilo, wangedhani dawa imemharibu, na mafuta ya taa yangerudi.

Siku ya tatu jioni binti alipiga simu kwa simu ya bibi. Kidoti alipiga chafya mara nyingi mfululizo juu ya kanga, na kitu kimetoka. Nilikwenda kesho yake. Walikuwa wamekihifadhi kwenye kifuniko cha chupa. Buu mnene wa sentimita mbili, rangi ya maziwa yaliyochacha, mgongoni ana mistari ya kahawia iliyokatiza kila pingili, chini ana safu za vijiba vyekundu vidogo, na mbele ndoano mbili nyeusi zilizopinda kama kucha za paka. Binti alizigusa kwa sindano ya kushonea, akauliza kama ndizo zilizokuwa zimeshika nyama ya Kidoti. Nikamwambia ndizo. Hakusema kitu. Akakichukua kifuniko, akakitupa chote kwenye moto wa jiko, na hapo alifanya sawa: buu mkubwa akianguka ardhini akiwa hai huenda kuwa nzi.

Kondoo sita wa mjomba tuliwadunga wote wiki ile ile, kila mmoja kwa uzito wake kwenye mizani ile ya nafaka. Kumtibu Kidoti peke yake kungekuwa kazi ya mwezi mmoja. Watatu kati yao walikuwa na kamasi ambalo hakuna aliyelihesabu kuwa ugonjwa, kwa sababu kondoo hana mtu wa kumsikiliza akikoroma. Mjomba akahamisha pia mahali pa kupumzikia mchana, kutoka chini ya mkwaju ambako ardhi imejaa mabaki ya miaka, kwenda banda lenye paa na ukuta upande wa jua. Nzi huyu hupenda jua kali; kivuli kizito humpunguza.

Siku ya tisa ukoko ulikwisha na mwanzi wa kushoto ulikuwa unyevu tu, wenye maji meupe. Joto 38.9. Unyoya wa kushoto ukainuka, si kwa nguvu ya kulia, lakini ukainuka. Mwishoni mwa Septemba nilipita tena, nikawakuta chini ya banda jipya, binti akiwa ameshika unyoya wake mwenyewe na daftari la shule lililochorwa safu mbili, kulia na kushoto, alama ya vema kwa kila asubuhi. Upande wa kushoto ulikuwa na siku nne zisizo na vema, zote za wiki ya kwanza. Paji la uso sasa lilitoa sauti ya debe pande zote mbili. Akilala bado anakoroma kidogo, na nadhani kipande cha nyama ya ndani kilichoungua kimeacha kovu. Nilimwambia binti hivyo, kwamba huenda mkoromo huo ukabaki, na kwamba mvua zikikaribia atanipigia tuwadunge tena wote saba kwa pamoja.